Chumba Kisichokuwa na Viatu Mlangoni

Siku niliyochora kwenye karatasi isiyokuwa yangu naikumbuka mpaka rangi ya kanga niliyovaa, na imepita miaka mingi. Ilikuwa kanga ya kijani yenye madoa meupe. Vidole vyangu vilikuwa vimejaa vumbi la chaki, nikavifuta kwenye kanga hiyo hiyo nikidhani nafuta ushahidi. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa najua kila kitu.

Mwanangu Rahma, haya nakuandikia kwenye daftari kwa sababu ukiwa mbele yangu hunisikilizi. Jicho moja liko kwangu, jingine liko kwenye simu. Na kama daftari hili litaangukia mikononi mwa kijana mwengine, naye ajihesabu ni mwanangu, nasema naye pia.

Ijumaa ulikuja na boksi lako la viatu ukanambia, "Shikamoo Bibi, nijaribie mchezo wangu." Ukanieleza kwamba ni mchezo wa mtu mmoja, hana wa kushindana naye. Anachora nyumba kwenye karatasi, chumba kimoja kila siku. Anatia mkono kwenye kikapu bila ya kuangalia, anatoa kitu cha nyumbani, kijiko au kifungo au kizibo, na kilichotoka ndicho kinachomwambia hadithi inaelekea wapi. Ulisema umemtengenezea rafiki yako Salma, aliyefiwa na mume na sasa amekaa eda kule Kidichi, ili siku zake zisiishie kwenye kutazama ukuta.

Nilifurahi, wallahi. Sikukwambia tu, maana ukisifiwa huvimba kichwa. Niliwahi kukudokezea ulipokuwa mdogo kwamba shangazi yangu alikuwa na mchezo wa namna hii, na sikujua kama ulikuwa unasikiliza. Basi nikazipekua kadi zako moja moja mpaka nikafika kwenye kadi ya chumba kilichofungwa. Nikaigeuza. Nyuma umeandika kwa wino wa buluu: "Mlango umefunguka. Ndani yumo mumeo. Anatabasamu. Anakwambia usilie."

Nikabaki nimeishika kadi, wewe ukadhani nimeguswa. Hapo ndipo macho yako yalipokwenda kwenye kabati langu, ukaiona karatasi iliyoviringishwa na kufungwa uzi. "Bibi, si ndiyo ile ya shangazi yako? Tuifungue basi tuone alichora nini!" Nikakutuma ukateleke chai. Jibu langu ndilo hili, na ni refu kidogo, kwa hiyo kaa kitako.

Shangazi yangu, Bi Mwanaidi, aliolewa na fundi wa kushona kanzu, Bwana Shaame. Walikaa hapa hapa Mji Mkongwe, duka chini, wao juu. Hawakupata mtoto. Bwana Shaame alikuwa na tabia moja ambayo sisi watoto tuliipenda: akipanda juu jioni humwaga vya mfukoni mwake kwenye bakuli la bati. Kifungo, kipande cha uzi, pini iliyopinda, ganda la ubuyu. Halafu humhadithia mkewe kila kitu kimetoka wapi. Kifungo hiki cha bwana fulani aliyenenepa tangu Idi iliyopita na hataki kukiri. Pini hii imenichoma wakati napima kanzu ya bwana harusi aliyekuwa anatetemeka. Shangazi hucheka mpaka akashika mbavu.

Bwana Shaame akafariki, na kwa ghafla. Baba akanituma nikakae na shangazi katika eda yake, nimpikie, nimwendee sokoni, nimfungulie wageni. Miezi minne na siku kumi. Wiki za mwanzo nyumba ilijaa watu. Halafu, kama unavyojua, watu wana mambo yao, wakapungua. Tukabaki mimi, yeye, na makubadhi ya Bwana Shaame mlangoni mwa chumba chao. Aliyavua siku aliyoingia kulala akaondoka amebebwa, na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Nikifagia nilikuwa nayazunguka.

Sasa sikiliza. Vitu vikaanza kupotea jikoni. Kwanza kijiko cha chai. Nikadhani nimekitupa na majani. Halafu kizibo cha chupa ya samli, halafu kibiriti, tena kibiriti kitupu, mwizi gani huiba kibiriti kitupu? Mfuniko wa birika ulipopotea nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kabla ya kuingia jikoni. Na wakati huo huo, kila siku baada ya sala ya alasiri, shangazi hujifungia chumbani, nami huku nje nasikia anasema na mtu. Mtu mwenyewe hajibu.

Mimi nilikuwa mtoto mdadisi, mwanangu. Siombi radhi kwa hilo, udadisi ndio ulionifikisha hapa nilipo. Lakini kuna kudadisi na kuna kuchungulia, na siku zile nilikuwa sijui mpaka wake. Nikatega jicho kwenye tundu la ufunguo.

Nilimwona amekaa chini juu ya mkeka. Mbele yake ametandaza karatasi ya kaki, ile ambayo Bwana Shaame alikuwa akikatia vipimo vya kanzu. Pembeni kikapu kidogo kimefunikwa kitambaa. Alifumba macho, akatia mkono, akatoa kijiko changu cha chai! Nilitaka kupiga kelele. Akakipindua pindua, akasema polepole, "Kijiko. Basi leo kaja mtu na njaa. Nani huyu? Mbona kaja bila ya kualikwa?" Akachukua kipande cha chaki ya fundi akachora jiko, na mlangoni mwa jiko akachora champali mbili, moja imekatika ukanda. Akazitazama. "Kumbe ni wewe, jirani," akasema, akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu siku ya msiba.

Tangu siku hiyo sikukosa hata alasiri moja. Taratibu nikaujua mchezo wake. Kila kitu kilikuwa na swali lake, si jibu. Kijiko: nani ana njaa? Kifungo: nani kasahau kitu? Kibiriti kitupu: nini kimekwisha humu ndani? Yeye hujiuliza, hufikiri, huchora, halafu hujihadithia. Na watu hakuwachora. Chuoni, alikosomea Kurani, alifunzwa kwamba kiumbe chenye roho hakichorwi, kwa hiyo alichora viatu tu. Ukitaka kujua nani yumo chumbani, unatazama mlangoni, kama unavyotazama viatu mlangoni mwa watu kabla ya kupiga hodi. Mitalawanda ya mbao ya bibi mmoja mkali. Viatu vya ngozi vya kijana mwenye kujiona. Vijiatu vitatu vya watoto, vimetupwa ovyo. Nyumba ikakua siku kwa siku, na mimi nikaishi nayo kama niliyekuwa nakaa humo.

Ila palikuwa na chumba kimoja. Kilikuwa pembeni, upande wa kibla, kina mlango umechorwa vizuri kuliko milango yote, na ndani kitupu. Mlangoni hapana kiatu. Kila siku mkono wake hukipita. Nilimsikia mara moja akisema, "Hiki hufunguliwa na ufunguo." Ufunguo wenyewe haukutoka kikapuni. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikamwonea huruma. Nikasema masikini shangazi yangu hana bahati, kila kitu kinamtoka mkononi isipokuwa ufunguo. Tena nikasema, labda kashindwa. Labda hajui achore nini.

Na mimi nilikuwa hodari wa kuchora. Maharusi wa mtaa mzima nilikuwa nikiwatia maua ya piko na hina.

Siku moja alipokwenda kuoga nikaingia chumbani, nikaitoa karatasi chini ya godoro, nikaitandaza. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilichora ndani ya kile chumba. Nilimchora Bwana Shaame mzima mzima, amekaa kwenye cherehani, kofia yake ya viua, ndevu zake, macho yake. Macho nikayapatia hasa. Nikatabasamu mwenyewe. Nikairudisha karatasi, nikafuta vidole kwenye kanga, nikaenda kuchambua mchele nikingojea kushukuriwa.

Alasiri ikafika. Akajifungia. Nikatega jicho.

Aliitandaza karatasi na mkono wake ulikuwa umeshaelekea kwenye kikapu. Ukasimama hapo hapo. Hakulia, mwanangu, na bora angelia. Alikunja karatasi kama mtu anayekunja nguo ya maiti. Halafu akaniita bila ya kugeuka, kana kwamba alikuwa anajua siku zote kwamba nipo pale.

"Zuwena."

"Naam, Shangazi."

"Nani kachora humu?"

"Mimi. Nliona patupu, nkadhani umeshindwa."

"Sikushindwa," akasema. "Nlikuwa nnakwenda. Nnakwenda taratibu kwa sababu nnaogopa. Sasa wewe umenitangulia kwenye chumba changu mwenyewe."

Nikajitetea, na hapo nikazidi kuharibu. Nikamwambia ufunguo ulikuwa hautoki, nimeangalia siku zote hizo, haukutoka hata mara moja. Alinitazama, akafungua fundo la pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na ufunguo mdogo wa shaba, ule wa kifuniko cha cherehani ya Bwana Shaame. Tangu afe kifuniko hakijafunguliwa.

"Hautoki kwa sababu haumo," akasema. "Siku ntayokuwa tayari, ntautia mwenyewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Asubuhi nilipoingia jikoni nilikuta kijiko cha chai kimerudi mahali pake. Kizibo kimerudi. Kibiriti kitupu kimerudi. Mfuniko umekaa juu ya birika. Sijapata kukichukia kijiko kama siku ile. Nilikuwa nimekitafuta wiki ngapi, na sasa kilipokuwa mkononi mwangu nilijua maana yake: mchezo umekwisha. Siku nne shangazi alikaa ameegemea ukuta. Uji nilimpelekea, uji niliurudisha. Watu waliokuja kumtazama walisema mbona kadhoofu ghafla, na mimi nilikuwa najua kwa nini, nikawakaribisha kahawa.

Siku ya tano nilivikusanya vile vitu vyote kwenye bakuli la bati la Bwana Shaame. Nikasimama mlangoni kwake. Nikasema hodi. Fikiria, nilikaa nyumba ile zaidi ya miezi miwili, nikaingia na kutoka chumba kile nitakavyo, na hiyo ndiyo hodi yangu ya kwanza.

"Nani?"

"Mimi, Shangazi. Nimekuletea vitu vyako. Siingii. Naviweka hapa, nnaondoka. Na nimekukosea, nisamehe."

Nikaviweka kando ya yale makubadhi, nikageuka. Nikasikia, "Hebu niletee mkasi wa marehemu."

Alinikalisha mbele yake. Akachukua mkasi ule mkubwa wa kukatia kanzu, akakikata kile chumba nilichokichora, sawasawa kwenye mistari, kwa mkono wa mtu aliyemtazama fundi miaka thelathini. Akanipa kile kipande. "Hiki chako. Huyu ni Bwana Shaame wako wewe, na kapendeza. Kaa naye. Wangu mimi sijakutana naye bado." Halafu akachukua karatasi safi, akaikata kiraka, akatunga sindano, na pale penye tundu akashona kiraka kile kwenye karatasi, mshono mdogo mdogo, kama anayetia kiraka kwenye kanzu ya mtu anayemheshimu. Chumba kikawa kitupu tena.

Nikamwuliza, kwani udadisi haufi siku moja, kwa nini viatu tu? Kwa nini maswali tu? Akanambia, "Alipokuwa ananihadithia alikuwa anajua yeye, mimi nnasikiliza. Sasa sina wa kunihadithia. Nikijijibu upesi, nyumba inanyamaza tena."

Mchezo ukarudi. Sikuchungulia tena. Nilikuwa nikikaa ukumbini, mgongo kwa mlango, nasuka ukili wa mkeka, na masikio ndiyo hayo, masikio hayana kifuniko. Lakini macho yangu niliyazuia, na Mungu ndiye shahidi wangu.

Ikabaki siku moja eda imalizike. Baada ya alasiri alinipita ukumbini anakwenda chumbani kwake, na nikaona fundo la pindo lake limefunguliwa, pindo linaning'inia bila ya ufunguo. Mlangoni alivua champali zake. Kila siku huingia nazo na kuzivulia kwenye mkeka. Siku ile alizivua nje, akaziweka pembeni ya makubadhi ya Bwana Shaame, sambamba. Akasema hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, akaingia, akafunga.

Nilikaa natazama vile viatu, jozi mbili. Halafu nikasikia sauti yake, si maneno, sauti tu, inapanda na kushuka kama ya mtu anayemhadithia mwenzake mambo ya kutwa nzima. Palikuwa na kilio ndani yake na palikuwa na kicheko. Mwanangu, tundu la ufunguo lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Nilikuwa nataka kujua kuliko nilivyowahi kutaka chochote. Nikaushika mkeka kwa mikono miwili, nikalia na mimi, nikabaki palepale.

Alipofungua, macho yake yalikuwa mekundu na uso wake umetulia. Alivaa champali zake. Akainama, akayaokota makubadhi, akayafuta vumbi kwa pindo la kanga, akanipa. "Yapeleke msikitini. Atapatikana mtu wa kuyavaa." Akauliza kama kuna chai. Kesho yake, alipotoka eda, akaoga, akajifukiza udi, na jambo la kwanza alilofanya ni kukifungua kifuniko cha cherehani. Akashona kanzu mpaka uzeeni kwake.

Alichokichora sikijui. Hakunionesha, nami sikumuuliza, na alipofariki karatasi nikaikuta sandukuni imeviringishwa, imefungwa uzi kwa fundo lake. Hiyo ndiyo uliyoiona kabatini. Miaka yote hii nipo nayo chumba kimoja, na kila nikifungua kabati kutafuta shuka nataka kujua yumo nani. Nafunga kabati. Kutaka kujua kwenyewe kumenifundisha kuuliza watu vizuri, kwa hiyo sioni hasara.

Sasa nasaha yangu, na ninaisema waziwazi ili usije ukasema Bibi alizunguka. Mchezo wako ni mzuri. Mpe Salma karatasi, mpe chaki, mpe kikapu. Kila kitu kipe swali, tena swali ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu lake. Mchoree nyumba ukipenda, lakini usimtilie watu ndani. Mume wake wewe ulimjua kwa salamu za mlangoni tu, huwezi kujua angemwambia nini, wala huwezi kumkataza asilie. Labda kulia ndiko anakokwenda. Ufunguo usiutie kikapuni, mpe mkononi, mwambie autie akitaka, na asipotaka mchezo wake ni kamili vilevile. Na ukienda kumtazama usimwombe akuoneshe karatasi ili ujue kama mchezo umefaa. Piga hodi. Muulize kama amekula.

Boksi lako nakurudishia na daftari hili. Ndani ya bahasha nimekutilia kile kipande nilichokatiwa, umwone Bwana Shaame wangu na macho yake, ucheke, maana kwa kweli alikuwa na pua ndogo kuliko hiyo. Kadi ya chumba kilichofungwa usishtuke ukiiona. Nyuma yake nimeshonea kiraka cha karatasi nyeupe. Mshono umepinda kidogo, macho yangu si yale, lakini maneno yako hayaonekani tena.

Mwanangu, Mungu aubariki mkono wako unaochora milango, akupe subira ya kusimama nje yake, na siku utakapofika kwenye mlango wako mwenyewe, akujaalie mtu wa kukaa ukumbini akupe mgongo, akungojee na chai. Amin.